Ukumbini au Kituoni? Ulinganisho kwa Kundi la Sanaa Linalotaka Kuwaigizia Watoto Wachanga Dar es Salaam

Kundi la sanaa za maonyesho linaloamua kutengeneza kazi ya kitaalamu kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitatu mara nyingi huanza kwa kutafuta hadithi. Nami nilianza hivyo, na ilinichukua maonyesho mengi kutambua kwamba kuna swali linaloitangulia hadithi, nalo ni hili: wakati onyesho likiendelea, mtoto atakuwa amepakatwa na nani? Jibu hutegemea mahali onyesho linapofanyika. Hapa Dar es Salaam kundi lina njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kukodi ukumbi au chumba tulivu na kuwaalika wazazi wawalete watoto wao kwa tiketi. Ya pili ni kutengeneza onyesho linaloweza kukunjwa, kufungwa ndani ya mabegi na kupelekwa katika vituo vya kulelea watoto wadogo mchana. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya kundi lenye waigizaji wawili au watatu, fedha kidogo na nia ya kweli, ambalo kwa mwaka wake wa kwanza linaweza kumudu njia moja tu.

Yaliyo sawa kwa njia zote mbili nitayataja kwa kifupi. Onyesho la umri huu kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 30, kisha watoto hupewa nafasi ya kugusa vifaa na kucheza navyo. Hadhira huwa ndogo na hukaa mkekani, karibu kabisa na waigizaji, kwa sababu mtoto katika wiki zake za kwanza huona vizuri zaidi kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, na hata macho yake yanapokomaa, uso wa mtu aliye karibu humvuta kuliko mandhari yoyote iliyochorwa kwa gharama kubwa nyuma ya jukwaa. Giza totoro halitumiki. Maneno huwa machache, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na sauti, mwendo, kitambaa, maji, kivuli na ukimya. Kanuni ya muda imewahi kuvunjwa kwa mafanikio: mwaka 2006 mwelekezi Suzanne Osten wa Stockholm alitengeneza onyesho la watoto wa miezi 6 hadi 12 lililochukua karibu saa nzima, na watoto walilifuatilia. Hata hivyo, mwelekezi huyo alikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa kazi za watoto, na kundi changa lisianzie pale alipofika yeye.

Wala hatuanzi kutoka katika utupu. Kundi la Oily Cart la London lilianzishwa mwaka 1981 na limejenga sifa yake kwa maonyesho yanayotumia hisi zote, yakiwemo ya watoto wadogo sana na ya watoto wenye ulemavu. La Baracca, kundi la mji wa Bologna nchini Italia lililoanza mwaka 1976, lilianza mwaka 1987 kushirikiana na vituo vya watoto wachanga vya mji huo, na ndani ya vituo hivyo lilijifunza mengi ambayo baadaye liliyaonyesha ukumbini. Karibu na kwetu zaidi, Magnet Theatre ya Cape Town imetengeneza maonyesho ya watoto wadogo kabisa, na mji huohuo mwaka 2017 ulipokea mkutano mkuu wa dunia wa ASSITEJ, chama cha kimataifa cha sanaa za maonyesho kwa watoto na vijana, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Sisi wenyewe tunao urithi wa Profesa Amandina Lihamba na Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wa programu ya TUSEME iliyoanza mwaka 1996 kuwasaidia wasichana wa sekondari kusema yanayowasibu kwa njia ya sanaa. Urithi huo ulimtazama mwanafunzi ambaye tayari anaweza kusimama na kusema. Mtoto wa miezi 9 hawezi kusema, lakini heshima waliyompa mtoto wa shule inamstahili naye pia, na ndiyo sababu ninasisitiza neno kitaalamu: mazoezi ya wiki kadhaa, waigizaji wanaolipwa, na mwelekezi anayehesabu kila pumzi.

Ukumbi

Sifa kubwa ya ukumbi ni kwamba kila mtoto huja na mtu wake. Mama, baba, bibi au shangazi amempakata, na mtoto akishtuka na mlio wa ngoma, kifua anachokijua kiko nyuma yake. Jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Watoto wengi huanza kuwaogopa watu wageni katika nusu ya pili ya mwaka wao wa kwanza, na mwigizaji, hata awe mpole namna gani, ni mgeni aliyevaa maleba. Akiwa mapajani mwa mama yake, mtoto humtazama mgeni huyo, kisha hugeuka kuusoma uso wa mama, na akiona mama anatabasamu hurudi kutazama. Kwa hiyo mzazi ni nusu ya hadhira na pia ni sehemu ya onyesho, na mwelekezi mwenye busara humwandalia mzazi kitu chake cha kutazama na cha kuhisi, kwa kuwa mzazi aliyechoshwa huhamishia uchovu wake kwa mtoto bila neno lolote.

Ukumbi pia hukupa mamlaka juu ya mwanga na sauti. Taa inaweza kufifishwa polepole mpaka rangi ya mwanga ifanane na ya jioni, kivuli cha mkono kinaweza kuonekana wazi kwenye shuka, na ilimba, marimba ya vidole inayojulikana sana kwa Wagogo, inaweza kusikika hadi mwisho wa mtetemo wake. Sijapata ala nyingine inayomfaa mtoto mchanga kama hiyo, kwa sababu sauti yake ni ndogo, ina joto, na mtoto anaona kwa macho kidole kinachoizalisha. Sehemu zinazoweza kufikiriwa jijini ni pamoja na Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni katika Mtaa wa Shaaban Robert, Nafasi Art Space ya Mikocheni, na kumbi za vituo vya utamaduni vilivyoko Upanga. Hata hivyo, ukumbi mkubwa haufai kama ulivyo. Kundi huweka watoto na wazazi juu ya jukwaa lenyewe, pazia likiwa limefungwa nyuma yao, ili chumba kiwe kidogo. Kijiji cha Makumbusho kando ya Barabara ya Bagamoyo nacho kina kivuli na nyumba za asili zenye ukubwa wa kibinadamu, ingawa magari ya barabara hiyo husikika.

Udhaifu wa ukumbi huanzia barabarani. Mama anayetoka Gongo la Mboto au Chanika Jumamosi asubuhi hubeba mtoto, mkoba wa nepi na chupa ya maji, hupanda magari mawili katika joto, na anapofika mtoto amelala au amechoka kabisa. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yamerahisisha safari ya wakazi wa njia ya Kimara hadi Kivukoni, lakini jiji ni kubwa kuliko njia hiyo. Matokeo yake ni kwamba wanaofika ukumbini kwa urahisi ni wenye gari na wanaoishi karibu, na onyesho linalosema linawapenda watoto wa jiji hujikuta likitazamwa na watoto wa mitaa michache. Hili linaniumiza, na sijaona bei ya tiketi inayolitatua.

Kuna udhaifu wa pili ambao sikuutarajia. Mzazi aliyelipa anataka kumbukumbu, kwa hiyo huinua simu. Mtoto aliyekuwa anausoma uso wa mama yake sasa anasoma mgongo wa simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri mtoto asiyetimiza miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini. Mzazi akielezwa mlangoni, kwa adabu na kabla ya kuvua viatu, kwamba mwisho wa onyesho kutakuwa na dakika chache za picha, wengi hukubali kuiweka simu mkobani.

Kituo

Kituoni hali ni kinyume. Safari anaifanya mwigizaji, na mtoto yuko nyumbani kwake kwa pili. Anaijua harufu ya chumba, anaujua mkeka, anajua bomba la maji liko wapi, na wenzake wako pembeni yake. Watoto wa miaka miwili katika mazingira haya wana ujasiri ambao hujauona ukumbini. Huinuka, hufuata mpira wa ukili unapobingirika, humshika mwigizaji upindo wa kanga, hurudi kukaa, huinuka tena. Kundi lisilotayarishwa huona hiyo ni fujo na kumwomba mlezi awaketishe. Kundi lililotayarishwa limefanya mazoezi ya kuendelea huku mtoto mmoja akiwa ameshika nusu ya mandhari, kwa kuwa mtoto wa umri huo hutazama kwa miguu na mikono kama anavyotazama kwa macho, na kumkalisha kwa nguvu ni sawa na kumfumba macho.

Tatizo la kituo ni mapaja. Walezi wawili au watatu wanaweza kuwa na watoto 20 au zaidi, na mtoto mmoja akianza kulia kwa hofu, wenzake huitikia. Kwa sababu hiyo onyesho la kituoni halipaswi kuanza ghafla. Njia iliyotufaa ni waigizaji kufika mapema wakiwa na nguo zao za kawaida, kukaa sakafuni, kufungua mabegi mbele ya watoto, na kuvaa maleba hadharani, ili kila mtoto ashuhudie kwamba yule mtu mwenye kilemba cha bluu ni yuleyule aliyekuwa amekaa karibu naye akikunjua kitambaa. Kufungua begi kukawa ndiyo mwanzo wa onyesho. Walezi nao wanahitaji kuketi pamoja na watoto, na si kusimama ukutani wakiwatuliza kwa vidole, na hilo hupatikana kwa kuzungumza nao siku moja kabla, kama wenzetu katika kazi, na kuwaonyesha wimbo au mwendo mmoja watakaoufanya pamoja nasi. Dada mmoja wa kituo aliyepewa kazi ya kushika ungo na kumwaga ndani yake vipande vya kitambaa alitusaidia kuliko mwigizaji wa tatu tuliyekuwa tumemlipa, kwa sababu watoto walimwamini kabla hajafanya lolote.

Mwanga kituoni ni wa dirisha, hivyo vivuli na taa ndogondogo visahauliwe. Umeme nao usitegemewe kwa chochote. Sauti ni jambo la kupigania: paa la bati wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, linaweza kuimeza sauti yoyote ya binadamu, na mvua za vuli hufanya hivyohivyo, kwa hiyo kundi linalozunguka vituoni lipange ratiba yake kwa kuzingatia misimu na liwe na namna ya kusimamisha sauti na kuendelea kwa mwendo mtupu. Saa ya siku ni muhimu kuliko siku yenyewe. Kabla ya uji wa saa nne watoto wana njaa, na baada ya chakula cha mchana wanasinzia. Muda mzuri ni ule mfupi unaofuata uji, wanapokuwa wameshanawishwa mikono.

Usalama unahitaji ukali zaidi kituoni, maana hakuna mzazi anayelinda mdomo wa kila mtoto. Kitu chochote kinachoweza kuingia chote mdomoni kisiwepo. Kayamba ishonewe kitambaa kigumu ili mbegu zisitoke hata ikichanika. Rangi zisiwe na madini ya risasi, vifuu vilainishwe kwa msasa, na kila kitambaa kifuliwe baada ya kila kituo, jambo ambalo humaanisha kuwa na seti mbili.

Tena kuna shinikizo. Mwenye kituo mmoja, ambaye alitupokea kwa ukarimu, alituomba tuongeze herufi na namba za Kiingereza ili wazazi waone thamani ya ada yao. Ombi la aina hii nimelisikia zaidi ya mara moja, na ninaelewa linatoka wapi, kwa sababu wazazi wamefundishwa kupima elimu kwa kile mtoto anachoweza kukikariri. Lakini mtoto wa miezi 18 anayetazama kanga ikipanda na kushuka kama wimbi, ambaye anasubiri, anatabiri itaangukia wapi, na anacheka anapokosea, anafanya kazi ngumu ya akili ambayo herufi haiwezi kumpa. Serikali imetupatia lugha ya kulieleza jambo hili. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inataja malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali pamoja na afya, lishe, ulinzi na usalama. Kundi likiwaeleza wenye vituo kwamba onyesho linawaonyesha walezi namna ya kumwitikia mtoto, mazungumzo hubadilika, na herufi husahaulika.

Fedha

Tufanye hesabu ya mfano, kila kundi litie namba zake. Ukumbini, familia 20 zikilipa shilingi 10,000 kila moja, onyesho moja linaingiza shilingi 200,000, na maonyesho mawili ya Jumamosi shilingi 400,000, ambazo kwanza zitalipa pango la ukumbi. Kituoni, watoto 25 wakichangiwa shilingi 2,000 kila mmoja, onyesho linaingiza shilingi 50,000, na ili kupata zilezile 400,000 waigizaji wafanye maonyesho manane, tuseme mawili kwa asubuhi, siku nne za wiki. Pango halipo, lakini kuna bajaji na mafuta, kuna sabuni, na kuna magoti ya waigizaji yanayoshinda sakafuni. Watoto waliofikiwa ukumbini ni 40, na vituoni ni 200. Kwa kundi linalotafuta mfadhili au ushirikiano na halmashauri, hiyo 200 ndiyo namba inayosikilizwa. Kwa kundi linalotaka kujitegemea kwa tiketi, ukumbi hauchoshi kama vituo, ila unategemea jumamosi ambazo mvua, msiba au mechi kubwa inaweza kuzichukua.

Vibali havitofautishi sana njia hizi. Kundi lisajiliwe na Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA), na kituo kiwe kimesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Jambo moja ni zito zaidi kituoni: picha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti, na kwa kuwa mzazi hayupo kituoni, ridhaa yake ya maandishi ipatikane kabla. Mlezi hawezi kuitoa kwa niaba yake.

Umri ndio unaoamua

Baada ya kufanya kazi kwa njia zote mbili, sioni kwamba moja ni bora kwa kila kundi, lakini naona kwamba kila umri una mahali pake, na kundi likishachagua umri, uchaguzi wa mahali unakuwa umekaribia kwisha. Watoto wa miezi 4 hadi 12 wanahitaji mapaja wanayoyajua, ukimya, na mwanga wa kuongozwa, kwa hiyo nawashauri wanaotaka kuwaigizia hao wachague chumba kidogo pamoja na wazazi, hata kama wataanza na familia 10 tu. Kwa umri huu nimesikia pia pendekezo la kuigiza kliniki, siku ambazo kina mama wamekusanyika na watoto wao. Sikubaliani nalo: mtoto anayesubiri sindano na mama anayesubiri jina lake liitwe hawana utulivu wa kutazama, na haki yao ya kwanza pale ni huduma ya haraka.

Watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ndio ninaowapendekeza kwa kundi linaloanza, na mahali pao ni kituoni. Wanatembea, wanaelewa kwamba kilichofichwa nyuma ya kanga bado kipo, jambo ambalo mwanasaikolojia Jean Piaget aliliweka karibu na miezi 8, na wanapenda kitu kikirudiwa mara tatu na kugeuzwa mara ya nne. Wanamfundisha mwigizaji upesi, kwa sababu hawana adabu ya kujifanya wamependa: kisichowavuta hukiacha na kwenda kwenye bomba la maji. Waigizaji watakaopitia vituo 20 kwa namna hii wataingia ukumbini mwaka wa pili wakiwa na masikio ambayo hakuna mazoezi ya chumbani yangewapa. Wale wa miaka mitatu hadi mitano wanaweza kuchukuliwa popote, kwani wameanza kufuata kisa, na makundi mengi yanajua tayari namna ya kuwafanyia kazi.

Nisilokubaliana nalo ni onyesho moja la watoto wote wa chini ya miaka mitano. Wenye vituo hulitaka kwa sababu ya urahisi, nasi tumelifanya, na kila mara wakubwa walikaa mbele wakijibu kwa sauti huku wadogo wakijibanza nyuma na kuanza kulia. Ni afadhali kuigiza mara mbili kwa vikundi viwili, na kuomba walezi wawachezeshe wakubwa nje kwa nusu saa.

Kundi linaloelekea kituoni liombe kwanza wiki moja ya kukaa tu, kabla ya kuandika chochote. Waigizaji waketi sakafuni bila maleba, wakiwa na kanga moja na ilimba moja, na waandike jioni: ni nani hulia langoni na hunyamazishwa na nini, ni kifaa gani watoto hubeba chumba kizima bila kukichoka, mlezi hutumia sauti gani anapowalaza, na uji hufika saa ngapi hasa. Mazoezi yaanze Jumatatu inayofuata kwa daftari hilo, na mwisho wa kila wiki watoto wanne au watano waalikwe kutazama kile kilichokwisha kutengenezwa, pamoja na mlezi wao, wakati bado kinaweza kubadilishwa.